Kimea cha Shangazi Marsiana

Shangazi Marsiana hakuweza kuona kitu kiko wazi akakiacha. Chungu, debe, hata laptop ya Teodori, mtoto wa kaka yake. Kila akipita aliibamiza kifuniko, laptop ikazimika, na video ya kwaya ambayo Teodori alikuwa akiituma kwa mtandao hadi kijiji cha Mwazye ikaanza upya.

Siku ya tatu Teodori alichoka kununa. Aliingia kwenye mipangilio, akaiweka isizimike hata ikifungwa.

"Sasa shangazi, funika upendavyo. Itaendelea na kazi humohumo."

"Imefungwa halafu inafanya kazi?" Shangazi akabetua mdomo. "Kaidi kama mwenyewe."

Teodori akapanda basi la Namanyere. Aliporudi kesho yake, na baridi ya Juni imemkausha masikio, mezani hapakuwa na kitu. Waya wa chaja ulikuwa umeshuka sakafuni na kuishia kwenye lundo la mablanketi. Akafunua blanketi, gunia, kisha ungo wa ulezi mbichi uliolowekwa kwa ajili ya pombe ya harusi. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, laptop ilikuwa ya moto kama chapati.

"Shangazi! Itaungua!"

"Ulezi uligoma kuota siku nne kwa baridi hii. Hebu tazama."

Kweli, ulikuwa umetoa machipukizi meupe. Teodori akafungua kifuniko. Video ilishafika Mwazye. Akashusha pumzi, akanyoosha kidole aizime ipoe.

Shangazi akamdaka mkono.

"Ukome! Tafuta kingine cha kutuma. Kimea bado siku mbili."