Kiingereza cha Maafa

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya usaili wa Masasi, na Hajira alikwisha kujua jina la Kiingereza la kila janga linaloweza kumpata binadamu.

Kampuni ya kununua korosho ilitafuta mkaguzi wa ubora. Ukaguzi aliujua; misimu minne alikuwa amekata korosho na kuzisoma punje katika ghala la ushirika la Mkunya. Kilichomkosesha utulivu ni Kiingereza. Kila alfajiri aliiomba programu ya akili unde katika simu yake impe habari za dunia, na katika kila habari maneno matatu mapya. Programu ilimsifu hata alipokosea, jambo ambalo lingepaswa kumtia shaka.

"Leo wamekufa wangapi?" aliuliza shangazi yake, Bimdogo, akimenya muhogo.

"Najifunza, shangazi."

"Naona. Ila tangu uanze hujatuletea hata harusi moja."

Hajira aliketi, akainuka, akaizunguka nyumba akinong'ona kwa Kiingereza: mporomoko, uhaba, vikwazo.

Siku ya usaili, Masasi, alipokewa na msimamizi wa ghala la kampuni, mzee wa Lulindi aliyeitwa Nathanaeli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Kiswahili kikaishia hapo. Mzee alimsogezea sinia la korosho na kisu, akamtaka kwa Kiingereza azikate, kisha aeleze alichoona, yeye angeandika.

Hajira alikata arobaini. Punje zilikuwa nono, nyeupe, kavu. Mbili tu zilikuwa na madoa. Kusema hivyo kulimwonekea utoto, kama darasa la tatu. Miezi miwili ya alfajiri haikuwa ya kutupwa. Akayamwaga maneno yote: madoa yanayotisha, mgogoro wa ubora, hatari ya mporomoko.

Nathanaeli aliandika bila kuinua uso. Mkono wake ulipofika sehemu ya chini ya karatasi, Hajira alisoma kilichoandikwa juu: namba ya shehena, na jina la chama cha ushirika cha Mkunya. Halikuwa zoezi. Zilikuwa korosho za majirani zake, na ripoti hiyo ingeziteremsha hadi daraja la pili.

Kujisahihisha kulikuwa sawa na kukiri kwamba hakujua alichokuwa akisema, na kazi ingekwenda kwa mwingine.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza. "Futa. Korosho nzuri. Kavu. Nyeupe. Mbaya mbili."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Mzee alichana karatasi, akachukua nyingine, akaandika mstari mmoja. Hajira alikuwa amekwisha kusimama, mkoba begani.

"Jumatatu, saa moja asubuhi," alisema Nathanaeli kwa Kiswahili, angali akiandika. "Uje na kisu chako. Hiki ni butu."