Hukumu za Hakimu

Kabla ya kiharusi, mke wa Fundi alikuwa mtu wa kusoma hadi chungu kikaungua jikoni. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei hospitalini, na mfuko wa koti lake jeupe haukukosa riwaya. Mgonjwa mmoja akitoka na mwingine akikawia kuvua shati, yeye tayari kafungua ukurasa. Alisoma za mapenzi, za upelelezi, za kihistoria, za kutisha, hata zile za watu wanaohamia nyota za mbali, na kila aliyoisoma aliitolea hukumu. Ndiyo maana wenzake wa chama cha wasomaji, waliokutana kila Jumamosi katika chumba cha nyuma cha duka la vitabu, walimbandika jina la Hakimu.

Hakuwa na huruma. Riwaya moja iliyosifiwa magazetini aliifunga katikati akasema mwandishi amebandika sufuria tano na zote zinachemsha maji matupu. Mpinzani wake mkuu alikuwa mwenyekiti wa chama, mzee mmoja mwalimu mstaafu, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Wawili hao walibishana hadi mwenye duka akaanza kuzima taa, na Jumamosi iliyofuata walikuja mapema ili waendelee walipoishia.

Mumewe hakuwamo katika hayo. Yeye alitengeneza majokofu, karakana yake iko chumba cha mbele cha nyumba yao, na kitabu pekee alichowahi kukimaliza ni kile cha maelekezo kinachokuja na mashine. Mkewe alipomsimulia riwaya mezani, aliitikia "ehe, ehe," huku mawazo yake yako kwenye kompresa.

Asubuhi moja Hakimu alikuwa akimwelekeza mgonjwa ageuke upande, mara maneno yakamwishia mdomoni. Mkono wa kulia ukalegea, akateleza hadi sakafuni. Bahati yake alikuwa hospitalini tayari, wakamuwahi. Aliporudi nyumbani aliweza kutembea kwa fimbo, lakini kauli ilikuwa imekwenda. Kusikia alisikia, kuelewa alielewa kila kitu; kusema ndiko kulikomshinda. Na herufi nazo zilimchezea. Alifungua kitabu, mistari ikapandana kama nyuzi zilizovurugika. Akakifunga, akageukia ukutani.

Dada yake mkubwa alihamia pale kumuuguza. Mtaalamu wa usemi, binti mpole kutoka hospitalini, alikuja na kadi zenye picha: kikombe, kuku, kiatu.

"Hiki ni nini, mama?"

Hakimu alitazama kikombe, akamtazama yule binti, kisha akafumba mdomo kabisa. Fundi aliufahamu ule uso.

"Hivyo ndivyo anavyofanya akipewa kitabu kibaya," alimweleza yule binti mlangoni. "Huyu hawezi kitu kisicho na kisa ndani yake."

"Basi msomee visa," binti akasema. "Kwa sauti, kila siku. Huenda ulimi ukafuata sikio."

Fundi alikwenda dukani akarudi amekumbatia riwaya mpya nne, zile ambazo chama kilikuwa kikizisoma mwaka huo ili kuchagua moja iliyo bora. Akaanza na ya upelelezi. Alisoma vibaya mno. Nukta aliipita kama haioni, na maiti iliyookotwa bustanini aliisoma kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma namna ya kujaza gesi. Hakimu alifumba macho akavumilia. Katika sura ya tatu mwandishi alianza kueleza sebule ya marehemu: viti, mapazia, picha ukutani. Fundi akaona humo hakuna anayekufa wala anayekamatwa, akafunua kurasa mbili kwa pamoja, akaendelea.

"Umeruka."

Fundi aliinua kichwa. Chumbani walikuwa wawili tu.

"Umesema?"

Midomo ya mkewe ilihangaika, jasho likamtoka. Kwa mkono wa kushoto akakigonga kitabu. "U-me-ruka."

Fundi alitoka mbio hadi jikoni. "Shemeji, njoo. Ameongea."

Dada mtu alikuja na mikono imejaa unga. "Amesemaje?"

"Amesema nimeruka."

"Umeruka nini?"

"Kurasa mbili."

"Sasa si uzirudie? Unalia nini?" alisema dada mtu, na yeye mwenyewe machozi yakimchora mistari kwenye unga aliojipaka shavuni.

Fundi alizirudia kurasa zile neno kwa neno. Kesho yake Hakimu akatoa neno la pili: "Pazia." Hawakumwelewa hadi walipofika mwisho wa riwaya, ilipobainika kwamba muuaji ni yule aliyetundika pazia jipya kuficha dirisha lililovunjwa. Fundi alikitua kitabu magotini, akamtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

Ya pili ilikuwa ya mapenzi, na hapo Fundi alipata taabu. Ilihusu wajane wawili wa makamo, mwanamume na mwanamke, waliopanga vyumba vilivyotenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Kila penye maneno matamu alishusha sauti ili shemeji yake asisikie.

"Sauti," Hakimu akaamuru.

Fundi akajikaza. "'Tangu uhamie hapa,'" alisoma kwa nguvu, "'usingizi wangu umehamia kwako.'" Alipogeuka, mteja alikuwa amesimama mlangoni na jokofu lake kwenye mkokoteni.

"Nitarudi baadaye," mteja alisema kwa adabu.

Hakimu alicheka hadi akapaliwa. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu augue, nacho hakikuwa kimeugua hata kidogo. Jioni aliitolea riwaya hiyo hukumu, kwa vipande: "Hawasemi... wanatenda. Nzuri."

Ya tatu ilikuwa ya kihistoria, nene kama tofali, imejaa wafalme na vita. Walipofika katikati Hakimu alitikisa kichwa.

"Nguo tupu."

Fundi aliupekua ukurasa. "Wako uchi? Mbona sijaona?"

"Nguo," alirudia kwa subira. "Nguo tu. Watu... hakuna."

Na ya nne ilikuwa ya watu waliosafiri kwenda nyota ya mbali. Mtambo wao wa kupoza hewa ulikufa njiani, na fundi wao akalazimika kuutengeneza kwa vipuri vya kuokoteza. Hapo mume wa Hakimu alinogewa. Alisoma huku akisimama na kukaa, mara anamlaumu yule fundi kwa kuchelewa kukagua mabomba, mara anamsifu. Mkewe aliposinzia, aliendelea kimoyomoyo. Hakimu alipoamka alitazama mahali kalamu iliposhikilia ukurasa.

"Umesoma. Peke yako."

"Kidogo tu."

"Mwizi," mkewe akasema, na neno lilitoka safi kabisa. Walipoimaliza, hukumu yake ilikuwa hii: "Mashine nzuri. Yule mtoto... anaongea kama mzee. Mbaya."

"Mtoto yule ana akili, kazaliwa chomboni," Fundi alibisha. "Ulitaka aongee vipi?"

"Kama mtoto!"

Walivutana hadi chai ikapoa. Jikoni, dada mtu aliwasikiliza, kisha akaanza kufungasha nguo zake arudi kwake. Aliona hapo hana kazi tena.

Siku zilivyokwenda, maneno yalirudi. Mengine mepesi, mengine ya kuvutwa kwa nguvu. Mtaalamu wa usemi alikata nafasi nyembamba kwenye kadi yake ya kiatu, ikiwekwa juu ya ukurasa mstari mmoja tu ukaonekana, mingine ikazibwa. Kwa kadi hiyo Hakimu aliirudia peke yake riwaya ya wale wajane, mstari baada ya mstari, kuanzia jalada hadi jalada. Alipoifunga alimwambia mumewe, "Jumamosi nakwenda."

Ilikuwa Jumamosi ya kuchagua riwaya bora. Chumba cha nyuma kilijaa. Walipomwona anaingia kwa fimbo wote walisimama, wakamwekea kiti chenye mto, wakamuuliza kama feni inamuumiza. Fundi alikaa nyuma, karibu na rafu. Mwalimu, kwa sauti ya taratibu kama ya kumbembeleza mtoto, alimkaribisha aanze.

Hakimu alisema anaichagua ya wajane. Vichwa vikainamishwa kukubali. "Umenena, Hakimu." Akasema ya kihistoria haina watu. Mwalimu, ambaye kila mmoja alijua anaipenda riwaya hiyo kama mboni ya jicho lake, naye akaitikia: "Kweli, kweli."

Hakimu alimkazia macho. Akasema, "Na ile ya upelelezi... hakuna aliyeuawa."

Mwalimu aliiweka sawa miwani yake. "Naam. Kwa namna fulani, hakuna."

"Mwalimu," alisema Hakimu, "unanidanganya. Kilichougua ni ulimi. Kichwa kipo. Sikuja hapa... kuonewa huruma. Nibishieni."

Kisha mkono uliinuka nyuma.

"Mimi nabisha," alisema Fundi. Watu wakageuka, hawakujua kwamba anasoma. "Hao wajane wanachosha. Wametenganishwa na ukuta mmoja, na wanachukua nusu ya kitabu kugonga mlango. Bora ni ile ya nyota. Mle kuna kazi inafanyika."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Uso ulikuwa umemchangamka. "Na mimi nabisha," alisema. "Ile ya kihistoria umeionea, Hakimu. Umeionea vibaya sana."

Hakimu alijiegemeza kitini. Aliyekuwa jirani yake alimwona anatabasamu.

"Ukurasa ule," alianza, "mjane anamsikia jirani... ana..." Neno likampotea. Mama mmoja alitaka kumsaidia. Hakimu akamzuia kwa kiganja, akalitafuta mwenyewe hadi akalipata. "Anakohoa. Usiku kucha. Basi kila asubuhi mwanamume anaosha vyombo kwa kelele, akivigongesha, ili yule ajue... upande wa pili yupo mtu. Hapo nani amesema nakupenda? Hakuna. Lakini ninyi nyote mmesikia."

Akamgeukia mwenyekiti.

"Sasa ya kwako, Mwalimu. Mfalme anafiwa na mwanawe. Mwandishi anaeleza taji, ukurasa mzima. Mtoto aliyekufa anaitwa nani?"

Mwalimu alifungua kinywa. Akatazama dari. Akatazama jalada la kitabu, kana kwamba jina lingekuwa limeandikwa pale. Kisha akaangua kicheko, na chumba kizima kikacheka naye. Baada ya hapo watu walibishana kama zamani, wakikatizana, wakirushiana kurasa, na kila aliyemshambulia Hakimu alijibiwa, hata kama jibu lilikawia njiani. Yule mama aliyetaka kumsaidia alimwambia waziwazi kwamba mwisho wa riwaya ile ni dhaifu, na Hakimu alikiri kuwa ni kweli.

Zilipopigwa kura, ya wajane ilishinda. Fundi aliipigia ya nyota, mkono juu kabisa, mkewe akimwona. Mwalimu hakuiacha ya kwake.

"Atangaze Hakimu," watu walisema.

Alisimama bila fimbo, mkono wa kushoto umeshika meza. Akalitaja jina la riwaya na la mwandishi, akasema chama kimeichagua kwa sababu ni kitabu kinachowajua watu wake, na sentensi ile aliisema nzima, haikukatika popote. Hakuna aliyepiga makofi, kwa maana Mwalimu alikuwa amekwisha kusimama, kidole juu, akidai kura zihesabiwe upya.