Mashua Isiyovuja

Ijumaa alasiri daktari wa meno alimaliza kuziba gego la mwisho, akamwambia mgonjwa asitafune upande wa kushoto mpaka kesho, akavua koti jeupe na kutia mfukoni kioo kidogo cha kuchungulia mdomoni. Kioo kilikuwa mali ya kliniki. Alikwenda nacho mpaka kwenye banda la mashua kando ya ziwa, akalala chali chini ya mashua yake, akaanza kukagua upenyo baina ya mbao na mbao, kwa subira ambayo wagonjwa wake hawakuwahi kuiona.

Mashua za chama cha mashindano ya ziwani zilikuwa kumi na moja, zote za mbao, zote za tanga, zote na mkuku mzito wa chuma chini ya tumbo wa kuzizuia zisipinduke. Ziliundwa na fundi mmoja, kwa kipimo kimoja, kabla wengi wa wenyewe hawajazaliwa. Hapo ndipo utamu ulipokuwa. Mlingoti wa huyu ulilingana na wa yule, na tanga la huyu na la yule. Mpimaji wa chama, aliyeitwa Bwana Futi hata na wajukuu zake, alipita kila mwanzo wa msimu na utepe wake kuhakikisha hakuna aliyejiongezea hata unene wa ukucha. Ukishindwa, umeshindwa wewe. Mashua haina kosa. Wiki nzima wanachama walikuwa na watu wa kuwalaumu. Wakili aliwalaumu mahakimu, mfamasia aliwalaumu walioagiza dawa, daktari aliwalaumu watu wasiopiga mswaki. Jumamosi walikuja ziwani kutafuta siku moja isiyo na kisingizio, na jioni walirudi nyumbani na visingizio vipya.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu ahangaike na mbao wakati mashua za plastiki zipo, haziozi wala haziombi rangi? Wanachama waliulizana swali hilo wenyewe kwa wenyewe, wamepiga magoti, msasa mkononi, vumbi limewajaa puani, na hakuna aliyepata jibu la kumridhisha mkewe. Ila upepo ukiinamisha ubavu, kamba zikakaza, na mbao zikaanza kunung'unika chini kwa chini, mtu mzima mwenye mvi hujikuta anacheka peke yake. Hiyo ndiyo sababu, na haisemeki mbele ya watu.

Daktari aliitwa Wa Tisa. Jina alijipa mwenyewe, kwa kuwa kila Jumamosi alimaliza wa tisa, upepo uwe mkali, uwe umelala.

"Mimi afadhali," aliwaambia wenzake. "Nyinyi mnapoteza usingizi hamjui mtakuwa wa ngapi. Mimi nikivaa viatu tu, nishajua."

Alijicheka kabla ya kuchekwa. Lakini ilimuuma. Alitaka kushinda mara moja, moja tu, halafu hata aendelee kuziba meno ya watu mpaka siku ya kuzikwa.

Tatizo alilijua. Mashua kuukuu za mbao huvuja, na hizi zilivuja sawasawa, kama zilivyolingana katika mengine yote. Kwa hiyo katika kila mashua kulikuwa na mabaharia watatu kwa mujibu wa kanuni, wala si zaidi: mmoja usukani, mmoja kamba, na wa tatu kopo la kuchotea maji tangu honi ya kuanzia mpaka honi ya kumalizia. Kwa daktari, mwenye kamba alikuwa mfamasia, na mwenye kopo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu aliyechota kopo moja na kusimulia hadithi mbili.

Ijumaa hiyo daktari aliamua kuitibu mashua. Alikwangua uchafu wa zamani baina ya mbao, akaukausha upenyo kwa pampu ya mkononi, akasindilia pamba na lami kidogo kidogo, akasawazisha kwa kijiko kile kile cha kusawazishia magego. Maseremala wa mashua wangesema amekalafati. Yeye alisema ameziba. Nusura aiambie mashua isitafune upande wa kushoto.

Kesho yake mashua haikuingiza hata tone. Shemeji alikaa na kopo kavu mapajani, akachoka kukaa, akashika kamba. Walimaliza wa tatu. Mfamasia aliwabusu wote wawili, jambo ambalo baadaye hakulizungumzia.

Daktari alipanda mtaa wa kilimani mpaka nyumbani huku akipiga mluzi. Alipofungua mlango, maji yalimfika kwenye kifundo cha mguu. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake. Cherehani ilikuwa juu ya meza, sare zilikuwa juu ya cherehani, na yeye mwenyewe alikuwa mlangoni, amekunja gauni, akimwaga ndoo barabarani. Visamaki viwili vilikuwa vinazunguka mguu wa kiti.

"Yameanza saa ngapi?" daktari aliuliza.

"Mlipoanza nyinyi. Nimesikia honi huko chini, yakatoka chini ya kabati. Ikalia ya kumalizia, yakakoma."

Daktari aliinama, akachovya kidole, akaonja. Aliyajua maji hayo, alikuwa ameyanywa mara nyingi bila kupenda.

"Ni ya kwangu," alisema.

"Basi yachukue, baba watoto."

Walisema wahenga kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mke wa daktari aliyazoa yote kabla ya chakula cha jioni, akakaa kupiga pasi sare zilizolowa.

Ijumaa iliyofuata daktari alikwenda bandani kwa nia njema kabisa ya kung'oa viraka viwili vitatu, mashua ivuje japo kiasi na nyumba ipumue. Alishika ndoana yake ya kuchokolea meno. Akapeleka kioo chini ya ubavu, akaitazama kazi yake. Tangu amalize chuo hakuwahi kuziba vizuri namna ile. Mdomoni mwa watu kuna mate na ulimi, hapa palikuwa na utulivu. Alirudisha ndoana mfukoni. Njiani akamnunulia mkewe ndoo mpya, kubwa kuliko ya kwanza, yenye mpini wa kushikika vizuri.

"Ndoo nzuri hii," mkewe alisema, na ilikuwa nzuri kweli.

Walimaliza wa pili. Jumamosi ya baada ya hapo mkewe alikwenda kumpima mteja magauni ya harusi, akafunga mlango na kuondoka. Maji yalijaa sebuleni mpaka kwenye kitasa, yakakosa pa kwenda, yakarudi yalikotoka. Katikati ya ziwa, mashua iliyokuwa inaongoza iliketi taratibu kama ng'ombe aliyechoka, na daktari akamaliza wa kumi na moja, maji kiunoni, usukani mkononi. Jioni alimsubiri mkewe mlangoni.

"Mke wangu, naomba Jumamosi usiwe unatoka."

"Na wateja wangu?"

"Waje Jumapili."

"Jumapili naanika."

Daktari alikubali kwamba hilo ni gumu. Alisema pia kwamba yeye ni mpumbavu, kwamba mtu mwenye shahada mbili kushindana na mbao ni kichekesho, na kwamba laiti angekuwa na akili angependa bao kama wanaume wengine. Alijisema vizuri sana, kiasi kwamba mkewe hakubakiwa na la kumwambia. Jumamosi hakutoka.

Siku hiyo upepo ulivuma kutoka upande wa kulia, wa kutosha na usio na hasira, na mashua ya daktari, namba saba, ilipita mstari wa kumalizia kabla ya zote. Daktari aliachia usukani akalia. Shemeji alilia pia, kwa kuwa alikuwa karibu. Huko kilimani mkewe alikuwa ameinama tangu honi hadi honi, na shati la sare la mtoto wa darasa la kwanza lilikuwa limeelea mpaka nje likachukuliwa na mfereji.

Wakili, aliyekuwa wa pili, aliishi nyumba ya jirani na alikuwa na macho. Alipeleka malalamiko kwa kamati: mashua namba saba inashindana na mabaharia wanne.

Kamati ilikutana kwenye veranda ya chama. Kabla ya lolote, ilimtuma Bwana Futi nyumbani kwa daktari, naye akapima sebule urefu, upana na kina, akahesabu ndoo, akarudi na kusema maji ya sebuleni yanalingana kabisa na maji yanayoingia katika mashua nyingine yoyote. Wanachama waliitikia kwa vichwa. Kulingana ni kulingana. Wakati wa kupima alikuwa amekunja suruali, na aliomba radhi kwa kuonyesha vigimbi.

Mwenyekiti alimwita mke wa daktari. Alikuja na viatu ambavyo havikuwa vimekauka.

"Mama, wewe ni baharia?"

"Mimi ni mshonaji, mwenyekiti. Lakini kila Jumamosi nachota maji tangu honi yenu ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikiacha, wao wanazama. Mliona wenyewe. Sasa mimi naomba moja kati ya mawili. Kama ni baharia, niandikeni, mkitaja walioshinda mnitaje. Kama si baharia, maji yenu yatoke sebuleni kwangu, nina kazi za watu."

Ombi lilikuwa fupi, na kila mmoja pale alielewa kwamba lilikuwa la haki, ndiyo maana waliangalia ziwa.

"Wa Tisa," mwenyekiti alisema, "wewe mwenye mashua unasemaje?"

Daktari alimtazama mkewe. Alimpenda, hilo halikuwa na shaka, tena siku hiyo alimpenda kuliko kawaida, alivyosimama wima mbele ya wanaume wote wale. Alijua pia kwamba akisema ndiyo, yeye ni baharia wa nne, ushindi unafutwa. Alikuwa amengoja maisha mazima.

"Huwa ananisaidia tu," alisema. "Kazi za nyumbani."

Mkewe alikaza fundo la kitambaa chake cha kichwa, ingawa hakikuwa kimelegea.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kamati iliamua kwamba baharia ni mtu aliyemo ndani ya mashua; kwamba anayemwaga maji nyumbani kwake anafanya kazi za nyumbani; na kwamba kazi za nyumbani hazihesabiwi na chama hiki. Ushindi ulikuwa halali. Wakili hakukata rufaa. Alikuwa ameshaanza kufikiria ukubwa wa sebule yake.

Ni Bwana Futi aliyenyoosha mkono.

"Kuna jambo moja, ndugu zangu. Mashua zetu ni za kipimo kimoja. Ikiwa moja haivuji na kumi zinavuja, hapo hakuna tena kulingana. Ama namba saba irudi kuvuja, ama zote ziache."

Mke wa daktari, aliyekuwa ameshafika ngazini, alisimama. Kwa muda mfupi alitumaini, na ilionekana usoni mwake.

Mwenyekiti aliwaita wanaotaka namba saba irudi kuvuja. Ziwa lilipiga mawimbi madogo chini ya mbao za veranda. Aliwaita wanaotaka zote ziache, na mikono ikanyooshwa yote, wa daktari miongoni mwake, kwa kuwa hakutaka kuonekana mchoyo. Aliombwa awafundishe wenzake namna ya kutumia kioo na kijiko. Alikubali kwa moyo mkunjufu, na kwa wiki kadhaa banda zima lilinukia lami na dawa ya meno.

Msimu mpya ulifunguliwa Jumamosi yenye upepo mwanana. Honi ilipolia ziwani, katika mtaa wa kilimani milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine, wanawake wakatokea na ndoo. Mke wa wakili alimwaga kwenye waridi zake. Mke wa mwenye mashua namba nne aliazima beseni. Mwenyekiti hakuwa na mke, maji yakamtokea mama yake, aliyekuwa na miaka themanini, na Bwana Futi, aliyefiwa na mke, yalimtokea binti yake jikoni mtaa wa pili, mtoto mgongoni. Walisalimiana kwa kupungiana mikono iliyokuwa huru. Barabara ilitiririka mpaka ziwani, na mashua zote kumi na moja zilikimbia juu ya maji hayo, kavu ndani, nzuri kuliko zilivyowahi kuonekana; watu wa kando ya ziwa walisimama kuzitazama na hawakujilaumu kwa kusimama.

Daktari alirudi nyumbani jioni, uso umeiva kwa jua. Sebule ilikuwa imeshamwagwa maji, imebaki kupigwa deki. Aliketi kwenye kiti chake.

"Umekuwa wa ngapi?" mkewe aliuliza.

"Wa tisa," alisema, akacheka, na safari hii alicheka kwa furaha ya kweli. "Lakini leo, mke wangu, hakuna aliyempunja mwenzake. Yalikuwa mashindano ya haki kabisa."

Akanyanyua miguu, mkewe apate kufuta chini ya kiti.