Chatu na Sahani za Mama Wagdi

Wallahi, chatu wa kaka yangu aliuawa na ukarimu, na lawama nimebebeshwa mimi.

Hazim alipokwenda kufanya kazi Kuwait, aliniachia Zumurida, chatu wake, mkononi. "Nivin, panya mmoja kila wiki mbili, basi. Akizidisha, mafuta yatamuua. Na kazi hii usimwachie Mama." Nikamwahidi.

Mama naye roho ilikuwa juu kwa mwanawe. "Huko sijui anakula nini, halafu na mnyama wake nimnyime?" Akamlalamikia jirani yetu Mama Wagdi, anayefuga njiwa juu ya paa. Kesho yake likaja kinda la njiwa kwenye sahani. Sasa, mtaani kwetu Shubra sahani ya jirani hairudi tupu, ni aibu. Mama akairudisha na basbusa, keki yetu ya shira. Mama Wagdi naye akubali kushindwa? Kinda jingine. Basbusa tena. Wanashindana adabu wao, na wa kumeza ni Zumurida.

Akanenepa mpaka ngozi ikachungulia kati ya magamba.

"Mama, unamuua!"

"Nani kafa kwa shibe, wewe? Mtazame alivyopendeza, mashallah. Roho yako ngumu tu."

Siku moja nikachoka. Nikaichukua sahani, nikairudisha tupu, ili mashindano yaishe. Mama Wagdi aliigeuza, akanitazama juu mpaka chini, akafunga mlango. Mama alipojua alilia, akaninunia, akapeleka trei nzima ya basbusa kuomba radhi. Radhi yenyewe ikarudi na makinda mawili.

Zumurida akafa kabla ya Idi. Daktari wa wanyama alimpasua, akatuonyesha ini, manjano kwa mafuta. Mama aliliona kwa macho yake.

Hazim alikuja Idi, akakaa sakafuni mbele ya tangi la Zumurida. "Ilikuwaje?"

Nikafungua mdomo, Mama akaniwahi. "Dada yako, mwanangu. Alikuwa anamnyima. Hata sahani ya jirani aliirudisha tupu ili chakula kisije tena, muulize Mama Wagdi."

Hazim akanigeukia. "Kweli ulirudisha sahani tupu?"

"Nilirudisha, lakini sikiliza..."

"Basi, Nivin. Basi."

Mama akamwekea njiwa waliojazwa ngano. "Kula, mwanangu, umekonda." Akala, machozi yanamtoka, na Mama anamwongezea.

Mimi nilisimama mlangoni. Hakuna aliyenikaribisha.