Mama na Filamu ya Mpelelezi
Fundi cherehani alimwekea mama yake, aliyepofuka uzeeni, filamu kongwe ya mpelelezi, ya enzi zile sinema zilipoanza kusema. Yeye mwenyewe haikumvutia: sauti ilikwaruza, na waigizaji walisimama kama nguzo.

“Mama, niizime?”

“Thubutu uone. Hawa wanatamka kila neno kama wanaonja asali. Za siku hizi watu wanakimbizana tu, mimi naachwa njiani.”

Mpelelezi alipoanza kuwahoji wageni waliokuwapo mauaji yalipotokea, daktari na mjane wakiwamo, mama alimshika fundi, bintiye, mkono. “Muuaji ni daktari. Msikie koo lilivyomkauka.”

Fundi akaacha kushona, akasogeza kiti. Filamu ilipoisha, kweli, muuaji alikuwa daktari.

“Filamu tamu,” akakiri.

“Tamu mno, mwanangu. Irudishe mwanzo, sasa nimsikilize yule mjane.”