Njiwa Nambari 64-0311

...na kwa nini kila kitu kiwe kidogo hivi, Rozalia alijiuliza, kioo chote hiki cha kompyuta ya Bernadeta halafu programu ya marehemu mumewe imejibanza katikati kama stempu, herufi nyeupe juu ya bluu, bluu ileile iliyokuwa ikimulika ukuta wa stoo ya chini miaka thelathini, Alojz kavaa fulana yake ya mgodini, anaandika njiwa wake kwa vidole viwili, baba nani, mama nani, pete ya mguuni nambari ngapi, "Mama, achana na kipanya, humo hakifanyi kazi, tumia vishale," binti yake alisema kutoka jikoni, haya, vishale, kompyuta mpya imedanganywa ijione ya zamani, ndivyo Bernadeta alivyoeleza, na bwana Zygfryd yuko uani kakalia vikapu vyake, bila ukoo uliochapishwa hachukui njiwa hata mmoja, ana haki, nani achukue njiwa asiyejua katoka kwa nani... sasa hili nini, 64-0311, HAJARUDI, AFUTWE, ndiyo au hapana, "Inauliza nimfute njiwa," alisema, "haiendi mbele mpaka nijibu," na Bernadeta akacheka, "Wa mwaka sitini na nne? Huyo si njiwa tena, mama, ni mabaki ya makumbusho, bonyeza ndiyo tuendelee," lakini Alojz hakuwa mtu wa kukosea pete, na sheria ya chama cha wafuga njiwa ilikuwa wazi, njiwa wa mashindano anapelekwa mbali kwa lori, anaachiwa aruke kurudi kwao, msimu ukiisha hajarudi anafutwa, na Alojz alifuta bila huruma, alimfuta hata yule jike wake aliyeshinda mara tatu, huyu kamwachaje... dume, ameachiwa Dortmund, tarehe mbili Septemba 1988... Rozalia alisoma tena, maana tarehe mbili Septemba hakuachiwa njiwa yeyote, tarehe mbili Septemba mwanawe Hubert alipanda basi la Ujerumani, la Dortmund, na begi moja, na baba yake hakutoka stoo kumuaga, jioni kwenye supu akasema, "Kwangu huyo amekwisha, na asitajwe humu ndani," na hakutajwa, na sitini na nne, sifuri tatu, kumi na moja, Mungu wangu, tarehe kumi na moja Machi, theluji mpaka dirishani, mkunga kaja na viatu vya mumewe, kwa hiyo kila alipoiwasha mashine iliuliza, kila asubuhi kabla ya chai, mwanao hajarudi, afutwe, na yule mzee mkaidi anajibu hapana, hapana, miaka yote, anapanda ngazi, anakaa mezani, anauliza siagi iko wapi... mjinga wewe, Alojz, mashine umeiambia, mimi nilikuwa juu yako hapo, ngazi kumi na mbili tu, na hasira ikampanda, kisha ikamgeukia yeye mwenyewe, maana Novemba, maiti ikiwa bado ndani, alinyanyua simu kumpigia Hubert akairudisha, akajiambia marehemu asingetaka, nani alimwambia asingetaka, Hubert akapata habari kwa watu wiki tatu baadaye, akatuma kadi, hakulalamika, afadhali angetukana, "Mama, umebonyeza? Bwana Zygfryd anauliza kama tumelala," "Bado," alisema Rozalia, na kidole kilikuwa palepale juu ya kitufe, na swali palepale kiooni, lile jambo alilolibeba miezi minne na kuliita utii kumbe lilikuwa woga, woga mtupu, wa maiti, "Nitafutie namba ya Hubert," "Ya Hubert?" Bernadeta alitokeza mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, jina hilo alikuwa hajalisikia kinywani mwa mama yake tangu akiwa msichana, "Ya nini leo?" na Rozalia hakugeuka, "Nilimnyima mazishi ya baba yake," alisema, "mimi, si baba yake, nataka anisikie nikisema."