Vidole vya Ardis

Jumapili hiyo mchungaji alihubiri dakika saba tu, kama ilivyo desturi ya mji wa Halden Falls timu inapocheza nyumbani. Kufikia saa tano na nusu Ardis Haugen alikuwa ameshafunga kinanda cha kanisa, amerudi jikoni kwake, amejaza beseni maji vuguvugu na kuuzamisha mkono wa kulia. Redio ilisema baridi imefika nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.

Mdogo wake, Curt, ndiye kwotabeki wa Wakata-Barafu, timu ya mji ya futiboli ya Kimarekani, yaani mrushaji ambaye hakuna shambulizi lisilopitia mkononi mwake. Katika baridi ya namna hiyo mpira huwa mgumu kama gogo, vidole vikafa ganzi, na warushaji kutoka majimbo ya joto huishia kuurusha kwenye theluji. Mkono wa Curt ulibaki na joto la mkate uliotoka tanuri. Baridi yake ilimwendea dada yake. Ilianza Curt alipokuwa sekondari, na Daktari Lofgren aliiandika kwenye faili la Ardis chini ya majeraha ya kazini, ingawa kazi haikuwa yake. Katika miaka kumi na moja ilikuwa imekwisha kumla kidole kidogo na cha pete.

Dawa ilijulikana. Curt angevaa glavu, baridi ingebaki kwake. Lakini Halden Falls mrushaji mwenye glavu huzomewa mpaka na wajane. Mji ulipopiga kura kuhusu kuuezeka uwanja, tisa kati ya kila kumi walikataa, wakasema paa ni la watu wa Florida. Ardis naye alikataa. Alizaliwa hapo, angesema nini tena?

Alhamisi iliyotangulia, Curt alipokuja kula, Ardis alijaribu kumshawishi.

"Curt, vaa glavu. Mara hii moja tu."

"Dada, unataka nichekwe? Halafu mpira unateleza."

"Krismasi nimepiga kinanda kwa vidole vitatu mkono huu."

"Na ulipiga vizuri. Watu walilia."

"Walilia kwa sababu nilikosea."

Curt aliomba aongezewe viazi. Mkuki kwa nguruwe.

Jumapili hiyo mchezo ulipoanza redioni, jirani wa Ardis, Bi. Nowak, aliingia bila kubisha hodi, amebeba bakuli la viazi na nyama ya kusaga iliyookwa kwa jibini. Alilisogeza beseni kidogo apate pa kuweka bakuli.

"Kimeanza?"

"Cha kati," alisema Ardis. "Kimeshakuwa cheupe."

"Basi tunashinda," alisema Bi. Nowak, akavuta kiti.

Timu ya wageni ilidondosha mpira mara nne. Curt hakudondosha hata mara moja. Kila aliporusha, utando wa barafu ulizidi kuenea juu ya maji, na Bi. Nowak akaongeza maji ya birika, kwa kuwa ni mwanamke mwema. Ardis alimchukia mdogo wake kwa muda wa mirusho miwili, kisha akaiombea timu. Zikiwa zimebaki sekunde tisa, Curt alirusha yadi hamsini na tano. Beseni likaganda lote. Uwanja ulipolipuka kwa shangwe, kidole cha kati kilikatika, na Bi. Nowak akakichukua kwa kijiko na kukifunga kwenye kitambaa cha mezani. Honi za magari zililia mjini hadi magharibi.

Jumatatu kocha alikuja pamoja na Curt, akavua kofia mlangoni na kukung'uta viatu vizuri. Alisema mji mzima unamshukuru Ardis, na kwamba Jumapili watamwombea kanisani, kabla ya mahubiri, ili watu wasichelewe. Ardis aliuliza nani atapiga kinanda. Kocha alisema hilo ni la mchungaji.

"Curt ametia saini misimu mitatu zaidi," alisema. "Daktari anasema mkono wa kulia ukiisha, baridi itahamia wa kushoto. Ni kweli?"

"Ndivyo alivyoniambia."

"Vimebaki vingapi?"

Ardis alimtazama Curt. Curt alikuwa akitazama dirishani.

"Saba," alisema Ardis, akaiweka mikono yote miwili mezani.

Kocha alivihesabu mwenyewe, taratibu, akasema vinatosha.